Madobi Waliosema "Mimi"

Mwalimu wa historia aliwaambia wanafunzi wake wasimletee wafalme. Wafalme, alisema, wameshaandikwa mpaka wino umekwisha. Safari hii kila mmoja atafute tukio moja la mtaani kwake, awahoji waliokuwepo, aandike kilichotokea. Kazi hiyo ingehesabiwa kwenye mtihani wa mwisho, na asiyeileta Ijumaa hana mtihani wa historia. Kwa wale ambao hesabu imewapiga chenga tangu utotoni, kukosa historia kulikuwa sawa na kubaki nyumbani kabisa.

Binti tunayemzungumzia alikuwa mmoja wa hao. Nyumbani walimwita Karani, maana tangu ajue kushika kalamu hakuacha kuandika, mpaka ukutani. Hesabu hakuiweza hata kwa dawa. Historia aliiweza, na mama yake, ambaye alisafisha maofisi ya watu tangu asubuhi, alikuwa ameweka matumaini yote ya nyumba ile kwenye somo hilo moja.

Tukio hakulitafuta mbali. Bibi yake, mzaa mama, alikuwa dobi wa hospitali kuu ujanani mwake, na mtaa mzima ulijua kwamba madobi wale waliwahi kugoma. Maji ya moto yaliyochanganywa na dawa ya kuua vijidudu yaliwachubua mikono mpaka nyama ikaonekana, wakaomba glovu, wakanyimwa, wakaacha kufua. Mashuka yalirundikana mpaka dirishani. Mwishowe glovu zikaja. Mikono ya Bibi ilibaki na mabaka meupe ambayo hakuna mafuta yaliyowahi kuyaondoa.

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ananyoosha miguu iliyovimba. Karani akaiweka simu ya mama yake juu ya mto wa kitanda, akabonyeza kurekodi.

"Bibi, nani alianzisha mgomo?"

"Mimi," akasema Bibi, bila kupepesa macho.

"Peke yako?"

"Kwani mgomo unaanzishwa na kwaya? Mimi. Andika."

Karani akaandika. Akaandika kwa raha ambayo hakuwahi kuipata kwenye insha yoyote, mpaka kichwa cha habari akakipamba kwa wino mwekundu: Bibi Yangu, Kiongozi wa Mgomo. Jioni alimsomea mama yake, ambaye alikuwa amevua viatu na kuegemea ukuta macho ameyafumba.

"Kiongozi," mama akasema, akatabasamu kidogo. "Na akaishia kutuongoza kwenye chumba kimoja na nusu. Haya, andika mwanangu. Ilimradi maksi zije."

*

Mwalimu alitaka mashahidi wasiopungua watatu, kwa hiyo Karani akaenda kwa Mama Pasi, bibi mwingine wa mtaa wa pili ambaye alikuwa upande wa kupiga pasi, na jina hilo halijamwacha hadi leo. Alimkuta anachambua mchele kwenye ungo, miwani imefungwa kwa uzi.

Karani hakwenda kuuliza, alikwenda kuthibitisha. Aliuliza tu kwa kuwa karatasi ya mwalimu ilisema lazima swali liulizwe.

"Nani alianzisha mgomo?"

"Mimi," akasema Mama Pasi.

Karani akadhani hakumsikia vizuri. "Hapana, Bibi, nauliza mgomo wa glovu. Ule wa kwanza kabisa."

"Nami nakujibu. Mimi."

"Lakini bibi yangu amesema ni yeye."

Mama Pasi akaacha mchele, akamtazama juu ya miwani, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Amesema hivyo? Vizuri sana. Mwambie aendelee kusema hivyohivyo."

Dobi wa tatu alikuwa amehamia mbali kwa mwanawe, ikabidi apigiwe simu. Sauti ilikuwa ya kutetemeka, na nyuma yake watoto walikuwa wanalia. Alifurahi mno kukumbukwa. Aliuliza hali ya kila mtu, waliopo na waliotangulia, na salio likawa linakatika. Swali lilipomfikia alijibu mara moja. "Ni mimi, mjukuu wangu. Hakuna mwingine."

*

Mwalimu wa historia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati, na sauti iliyokauka kwa chaki na kelele. Alisoma kurasa za Karani akiwa amesimama, na alipofika kwenye ushahidi akarudi nyuma, akasoma tena, akavua miwani.

"Mgomo mmoja, viongozi watatu," akasema. "Huu ulikuwa mgomo au uchaguzi?"

Darasa likaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akapaza sauti kwamba hata bibi yake yeye aandikwe, nafasi bado zipo. Karani akatazama meza. Tangu siku ile walimwita Mjukuu wa Kiongozi, na walikuwa wakimpigia saluti akiingia mlangoni.

"Sikucheki wewe," mwalimu akamwambia baada ya kengele, kwa sauti ya chini. "Wazee hutia chumvi, ndiyo kawaida yao. Lakini siwezi kupokea hivi. Ama mmoja anasema kweli na wawili wanapiga chuku, ama wote watatu. Nenda kwa upande wa pili, kwa aliyekuwa mkubwa wao, kama bado yu hai. Niletee jina moja, au uniambie kwa nini hakuna. Ijumaa ni kesho kutwa."

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameingia, bado na kitambaa cha kazi kichwani, na Bibi alikuwa anapakua chakula.

"Bibi, umenidanganya," akasema Karani hata kabla ya salamu. "Mama Pasi anasema ni yeye. Na yule wa kwenye simu anasema ni yeye. Darasa zima limenicheka. Ungesema tu hukumbuki."

Kijiko kikatulia mkononi mwa Bibi.

"Unamwambia nani hivyo?" mama akafoka. "Hebu rudia. Unamwambia nani?"

Bibi alimaliza kupakua sahani mbili, ya tatu akaiacha tupu, akaenda kujilaza na kugeukia ukutani. Afadhali angetukana. Kunyamaza kwa mtu mzima kunaijaza nyumba hata pa kukanyaga pakakosekana.

"Nenda kamwombe radhi."

"Mama, na mtihani je?"

Mama akakaa chini palepale, mgongo kwenye mlango. "Andika jina moja, lolote, tupumzike," akasema. "Nimesimama tangu alfajiri. Vita vya madobi sivitaki humu ndani."

*

Aliyekuwa msimamizi wa madobi alikuwa hai, tena alijulikana. Madobi walimbandika jina la Bwana Saa kwa vile alivyokuwa akiwasimamia na saa mkononi hata wakienda msalani. Karani alimkuta barazani kwa binti yake, amefunikwa blanketi juani. Alisubirishwa uani kwanza, akaambiwa avue viatu, kisha akaambiwa asimchoshe mzee.

Mzee mwenyewe hakuonekana kuchoka. Aliposikia ni habari za mgomo, alijiinua kwenye kiti.

"Niliwaita mmoja mmoja ofisini," akasema. "Wakubwa walitaka jina. Nikawauliza, nani ameanza? Wa kwanza akasema, mimi. Nikafurahi, nikadhani kazi imekwisha. Nikamwita wa pili kwa utaratibu tu. Mimi. Wa tatu, mimi. Hata wale waliokuwa wakiniogopa mpaka kikombe kinatetemeka mkononi, wote, mimi, mimi, mimi. Walikuwa wamepanga. Utamfukuza nani hapo? Ukiwafukuza wote nani atafua?"

Karani alisahau kuandika. Bibi hakudanganya basi, wala Mama Pasi. Walikuwa wanashika neno lao hadi leo, mbele ya mjukuu, kama walivyolishika mbele ya msimamizi.

"Kwa hiyo hukumfukuza mtu?"

"Nilimfukuza mmoja." Mzee akainua kidole. "Yule wa toroli, aliyekuwa akipeleka mashuka wodini. Huyo nilimwita mwisho. Nikamwambia, wenzako wote wameshasema. Yeye akasema, si mimi. Peke yake! Nikajua ndiye. Mwenye hatia ndiye anayekana. Tena alikuwa anazunguka wodi zote, nani mwingine wa kubeba maneno?"

"Lakini babu, je, kama kweli hakuwa yeye?"

Kwa mara ya kwanza Bwana Saa akaonekana mzee. "Basi ukimpata aliyekuwa yeye," akasema, "uje uniambie. Nataka nimjue kabla sijafa." Akamshika Karani mkono na hakutaka kuuachia, mpaka binti yake akatoka ndani na kusema imetosha.

*

Wa toroli Karani alimjua. Ni Bibi wa Kona, mke wa marehemu kaka yake Bibi, ambaye nyumba yake ilikuwa mwisho wa mtaa wao wenyewe. Bibi na wifi yake huyu walikutana misibani na harusini, wakaulizana hali kwa ncha ya ulimi, basi. Karani alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza kwa nini hawatembeleani, akaambiwa ni mambo ya kazini. Hakuuliza tena, na kwenye utafiti wake wote hakumfikiria hata kidogo.

Alimkuta uani anakamua nguo za watu. Baada ya kufukuzwa hakuna hospitali iliyomchukua, akaishia kufua majumbani, beseni baada ya beseni, na hadi leo alikuwa anafua. Wenzake walikuwa na pensheni, ndogo lakini ya kila mwezi. Yeye alikuwa na mgongo uliopinda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Karani akaeleza shida yake. "Siku ile ulipoitwa ofisini, Bibi, ilikuwaje?"

"Ilikuwaje?" Bibi wa Kona aliendelea kukamua. "Nilisema si mimi, kwa sababu si mimi. Hata kugoma sikugoma. Wenzangu walisema toroli iendelee na mashuka safi yaliyokuwepo, wagonjwa wasilalie uchafu, nami nikaendelea. Nikaitwa. Akaniambia wenzako wote wameshasema. Nikajua wamenitaja. Wote, na bibi yako ndani yake, na hali tulikuwa tunalala chumba kimoja kwa mume wangu. Nikachukua nguo zangu nikatoka. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani?"

"Hawakukutaja, Bibi," Karani akasema kwa haraka, akijua moyoni kwamba analeta habari njema. "Mzee ameniambia mwenyewe. Kila mmoja alijitaja yeye. Walikubaliana wote waseme 'mimi' ili asipatikane mtu."

Mikono ya Bibi wa Kona ikasimama. Maji yakawa yanatiririka kutoka kwenye shati la mtu fulani, yanalowesha miguu yake.

"Walikubaliana lini?"

"Nadhani jioni yake. Kabla hawajaitwa."

"Nami nilikuwa wapi?"

Karani akatazama beseni.

"Nilikuwa wodini na toroli," Bibi wa Kona akajijibu. Akalitandaza shati kwenye kamba, akalivuta mabega yakae sawa, akabana upande mmoja na upande wa pili. "Kwa hiyo hawakunitaja. Walinisahau."

"Bibi, mimi nilidhani..."

"Afadhali wangenitaja. Mtu akikutaja, angalau umo kichwani mwake." Akajifuta mikono kwenye kanga, akamtazama Karani kwa macho makavu. "Hata wewe hapa umekuja mwisho, na nyumba yangu ndiyo ya karibu kuliko zote. Nenda. Kamuulize bibi yako nani alipewa kazi ya kuniambia."

*

Karani alipiga magoti kando ya kitanda. Mama alikuwa amerudi mapema siku hiyo, anashona kitufe, akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Nisamehe, Bibi. Sikujua. Nimetoka kwa Bwana Saa, amenieleza."

Bibi akageuka polepole. "Bado mzima, yule?"

"Mzima. Bado anataka jina."

"Atakufa na swali hilo shingoni," akasema Bibi, na sauti yake ikapata nguvu kidogo. "Jina halipo. Unataka ukweli? Shuka lilimponyoka mmoja wetu kwa maumivu, likaanguka chini. Hakuliokota. Wa pembeni yake akalitazama, naye hakuliokota. Likakaa pale. Basi, ndiyo mgomo wenyewe huo. Tulipojua tutaitwa, tukala kiapo, kila mtu ni yeye, mpaka kaburini. Hata tukiulizwa na watoto wetu."

"Na Bibi wa Kona?"

Bibi akafunga macho.

"Nimetoka kwake, Bibi. Miaka yote alidhani mmemtaja. Nimemwambia hamkumtaja." Karani aliona aibu kumalizia, lakini akamalizia. "Amesema nikuulize nani alipewa kazi ya kumwambia."

Sindano ya mama ikasimama. Nje mtu alikuwa anamwita mtoto wake akaoge, akamwita tena. Kisha Bibi akashusha miguu chini, mmoja baada ya mwingine, akishika ukingo wa kitanda.

"Nipeni viatu vyangu," akasema. "Na wewe Karani, chukua kalamu yako. Sitaki kulisema mara mbili."

*

Mtaa wote ule si mrefu, lakini Bibi alipumzika njiani kwa kushika kuta za nyumba za watu. Jua lilikuwa linazama, na nguo zilikuwa bado kwenye kamba. Bibi wa Kona alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wake. Aliwaona tangu walipotokea, na hakusogea wala kusema karibu.

"Wifi," akasema Bibi.

"Wifi."

"Nilipewa mimi." Bibi alikuwa anahema. "Walisema, wewe mnalala chumba kimoja, utamwambia usiku. Nikasema sawa. Nikarudi nyumbani nimekwisha. Mikono inawaka, mgongo haunyooki. Nikasema nitamwambia asubuhi. Nilipoamka ulikuwa umeshatoka, toroli huanza mapema. Sisi wakatufungia chumba cha kufulia mpaka wakamaliza kutuita. Sikukuona tena mpaka ulipokuja kuchukua nguo zako."

"Na hapo?"

"Hapo niliogopa. Nikasikia unawaambia watu kwamba tumekutaja, nikaacha uamini hivyo. Ilikuwa rahisi. Ukituchukia wote, sichukiwi peke yangu." Akasogea hatua moja. "Sikukusudia, wifi. Nilichoka tu."

Bibi wa Kona alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe. Alipoongea aliongea taratibu, na hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, jambo ambalo Karani aliliona baya zaidi.

"Naikumbuka jioni ile," akasema. "Ulikuja unalia mgongo. Nikachemsha maji, nikakukanda. Nikakukanda mpaka mikono yangu ikafa ganzi, nayo ilikuwa imesukuma toroli kutwa. Ukalala mikononi mwangu, nikakufunika. Kumbe umelala na neno langu mdomoni."

Bibi alilia wazi, kwa sauti, mtu mzima barabarani, na watu wawili waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo kisha wakaona aibu wakaendelea. Karani alimshika mkono. Alikuwa akimpenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na hakujua aanze na lipi.

"Nisamehe, wifi yangu."

Bibi wa Kona akashika fremu ya mlango akajinyanyua. Ilimchukua muda. Alisimama akiwatazama, bibi na mjukuu, kisha akatikisa kichwa.

"Leo nimechoka," akasema. "Nitakujibu asubuhi."

Akaingia ndani, akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Walisikia komeo.

Walisimama pale mpaka Bibi akaacha kulia. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akageuka kuelekea nyumbani.

"Twende," akasema. "Kesho Ijumaa, na hujaandika kitu."

"Bibi, na hili niliandike?"

Bibi alitembea hatua kadhaa, na mkono wake ulikuwa mzito begani mwa Karani.

"Futa hayo ya kiongozi," akasema, akageuka kuutazama ule mlango uliofungwa. "Anza na yeye."